Gitaa la Umeme Kutoka Ubao wa Mninga

Wiki hii naomba tuyaweke kando mambo ya bajeti na bei ya mafuta, tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hukisikia kila Jumamosi usiku lakini wachache wamewahi kukishika mkononi. Nacho ni gitaa la umeme. Tangu majirani walipojua kwamba ninalo nililolitengeneza mwenyewe barazani kwangu, nimeulizwa swali moja mara nyingi mno: hivi kweli chombo kama hicho kinaweza kutengenezwa nyumbani, na mtu ambaye si fundi wa kiwandani? Kinaweza. Leo nitaeleza namna, na nitaeleza pia jambo moja ndani yake ambalo likifanywa ovyo linaua mtu.

Kwanza tuulize, kwa nini mtu ajisumbue? Katika bendi zetu nyingi, tangu zamani, vyombo havikuwa mali ya mpigaji. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi. DDC Mlimani Park nayo ilikuwa na vyombo vya shirika. Baadaye wakaja watu binafsi wenye fedha zao, na hapo tukapata msemo tunaoujua wote, kwamba mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mpiga solo anaweza kujulikana kutoka Tanga mpaka Mwanza, lakini akigombana na mwenye vyombo siku ya Ijumaa, basi Jumamosi hana hata uzi mmoja wa kukwaruza. Kijana anayetaka kujifunza ndiye mwenye taabu zaidi, maana gitaa la bendi halitoki nje ya ukumbi, na vidole havifundishiki kwa nusu saa ya kuazima kila wiki. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kutengeneza gitaa nyumbani hatuzungumzi juu ya mchezo wa kupotezea wakati tu, ingawa mimi nakiri kwamba kwangu ulianza kama mchezo.

Mfano maarufu kuliko yote duniani unatoka Uingereza, nao una uhusiano na kwetu kwa njia ambayo wengi hawaijui. Mwezi Agosti mwaka 1963, kijana wa miaka 16 aitwaye Brian May, wa Feltham, magharibi ya London, alitaka gitaa la Stratocaster kutoka Marekani. Nyumbani hawakuwa na uwezo wa kulinunua. Baba yake, Harold May, alikuwa mchoraji wa michoro ya elektroniki serikalini, mtu mwenye mikono ya kazi. Wakakaa wote wawili wakaamua kulitengeneza, na kazi ikawachukua karibu miaka miwili ya jioni na siku za mapumziko.

Sikiliza walivyopata vifaa. Shingo ilitoka kwenye ubao wa mahogani uliokuwa rafu ya juu ya mahali pa kuotea moto, katika nyumba ya zamani. Ubao huo ulikuwa na matundu ya wadudu, wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Sehemu ya kiwiliwili ilitoka kwenye meza kuukuu ya mwaloni. Alama nyeupe za kwenye shingo ni vifungo vya lulumizi alivyovichukua katika kisanduku cha kushonea cha mama yake. Mtambo wa kutikisa nyuzi unakaa juu ya makali ya kisu cha chuma, na unarudishwa mahali pake na springi mbili za vali za pikipiki ya zamani. Mkono wa kuushikia ulitoka kwenye baiskeli, na ncha yake ni kipande cha sindano ya kufumia. Gitaa hilo ndilo alilolipiga Wembley mwaka 1985 mbele ya dunia nzima, na ndilo alilolipanda nalo juu ya paa la jumba la Buckingham mwaka 2002, Malkia Elizabeth alipotimiza miaka 50 ya utawala. Bendi yake iliitwa Queen, na mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Kwa hiyo sauti ya kijana wetu wa Unguja ilisindikizwa na gitaa la rafu ya moto na springi za pikipiki.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Gitaa la kawaida, lile la mbao lenye tumbo wazi, linategemea tumbo hilo kukuza sauti. Gitaa la umeme halitegemei tumbo. Chini ya nyuzi zake kuna kifaa ambacho wapigaji hukiita pikapu. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko elfu kadhaa. Pikapu za Stratocaster huwa na kama mizunguko 8,000 kila moja. Sumaku inaufanya uzi wa chuma ulio juu yake uwe nao na usumaku kidogo. Uzi ukitikisika, nguvu ya sumaku inayopita katika ule mzingo wa waya inabadilika, na mabadiliko hayo yanazaa umeme kidogo sana ndani ya waya. Kanuni hii iligunduliwa na Michael Faraday kule London mwaka 1831, wala yeye hakuwa akiwaza muziki. Uzi wa tano wa gitaa lililokazwa sawasawa hutikisika mara 110 kwa sekunde, na umeme unaotoka katika pikapu nao hubadilika mara 110 kwa sekunde. Amplifaya inaukuza umeme huo, spika inaugeuza tena kuwa sauti. Ndiyo sababu nyuzi za nailoni, hata ziwe nzuri namna gani, hapa hazisemi neno.

Jambo hili likieleweka, nusu ya hofu inaondoka. Kiwiliwili si sanduku la sauti tena, ni ubao wa kushikilia vitu imara. Mpigaji wa Marekani, Les Paul, alilithibitisha hilo mjini New York karibu na mwaka 1940. Alichukua gogo la msonobari la mraba, unene wa inchi 4 kwa 4, akalitia shingo, nyuzi na pikapu, likalia vizuri. Watu hawakulipenda kwa sababu ya sura yake, basi akalipachika nusu mbili za gitaa la kawaida ubavuni, kwa mapambo tu, na watu wale wale wakalipenda. Miaka kumi baadaye, mwaka 1950, Leo Fender wa California alianza kuuza gitaa la ubao mtupu ambalo shingo yake imefungwa kwa skrubu nne. Fender alikuwa fundi redio, na hakuwa anajua kupiga gitaa. Mimi nawashauri wanaoanza wafuate njia yake ya skrubu, maana shingo ikikosewa unaifungua na kuchonga nyingine bila kukitupa kiwiliwili.

Mbao tunazo, na baadhi ni bora kuliko zile zinazosifiwa katika magazeti ya Ulaya. Mninga ukishakauka hautanuki wala kusinyaa ovyo, nao unachongeka vizuri. Nimeutumia kwa kiwiliwili na kwa shingo. Mvule nao unafaa, lakini vumbi lake ni baya, linaleta kikohozi na hata pumu kwa wengine, kwa hiyo jifunge kitambaa kizuri puani na ufanyie kazi nje. Mpingo usiutumie kwa kiwiliwili. Kiwiliwili cha kawaida kina urefu wa sentimita 40, upana wa 32 na unene wa 4 na nusu. Kwa mninga kitakuwa kama kilo 2 na nusu hadi 3, lakini kwa mpingo kitapita kilo 5, na hapo bado hujaweka kitu kingine. Mpingo uwekwe pale unapostahili, yaani bapa jembamba la milimita 6 juu ya shingo, mahali vidole vinapokanyaga. Hauliki na nyuzi wala na jasho. Wachonga vinyago wanavyo vipande, ila kupata kilichonyooka sentimita 50 kunahitaji subira, kwa vile mti wenyewe umezaliwa umepinda.

Neno moja juu ya ukavu. Mbao nyingi zinazouzwa kandokando ya barabara bado zina maji ndani yake. Ukichonga shingo kwa ubao mbichi, itapinda baada ya miezi michache, tena nyuzi sita kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya kama kilo 45, ambayo ni karibu sawa na mfuko wa saruji unaoning'inia hapo mchana na usiku. Ndiyo faida ya rafu ya akina May: ilikwisha kukauka kabla Brian hajazaliwa. Kitanda cha mninga cha babu kilichovunjika mguu, au fremu ya mlango iliyong'olewa, ni mali kuliko ubao mpya. Hata hivyo weka fito ya chuma ndani ya shingo, yenye nati upande mmoja, ili uweze kuikaza inapoanza kuvutwa.

Hapa tumefika mahali ambapo magitaa mengi ya nyumbani hufia. Ni vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo, viitwavyo freti. Mtu anaweza kuchonga kiwiliwili kizuri kama samani ya ikulu, lakini freti zikikaa vibaya, gitaa halitapatana na chombo chochote. Wengine huchukua gitaa la jirani na kunakili kwa macho. Hesabu yake si ngumu, basi tuifanye.

Muziki wetu wa magitaa umegawa oktavu moja katika hatua 12 zilizo sawa. Ukikanyaga freti ya 12, uzi lazima ubaki nusu kamili ya urefu wake. Kwa hiyo kila freti inaupunguza uzi kwa uwiano uleule, na uwiano huo ukifanyiwa hesabu unatupa namba moja ya kukumbuka, 17.817. Tuseme urefu wa uzi, kutoka kidaraja cha juu mpaka daraja la chini, ni milimita 648, ambao ndio urefu wa magitaa ya Fender. Gawa 648 kwa 17.817, unapata 36.37. Hapo ndipo freti ya kwanza inapokaa. Uzi uliobaki ni 611.63, gawa tena kwa 17.817, unapata 34.33, ongeza juu ya ile ya kwanza, freti ya pili iko kwenye 70.70. Ya tatu inaangukia 103.10. Endelea hivyo mpaka ya 12, na kama hukukosea utajikuta kwenye 324, nusu ya 648.

Zamani mafundi walitumia 18 badala ya 17.817, kwa urahisi. Vincenzo Galilei wa Italia, baba wa yule Galileo wa darubini, aliiandika kanuni hiyo mwaka 1581. Kwa gitaa letu, kanuni ya 18 ingeiweka freti ya 12 kwenye milimita 321 na nusu hivi, pungufu ya zaidi ya milimita 2. Sikio la mpiga rumba linalisikia hilo kabla hajamaliza mstari wa kwanza.

Lililo muhimu ni hili: ukishapata namba zako, pima kila freti kutoka kidaraja cha juu, rula ikiwa imelala palepale. Usipime kutoka freti moja kwenda nyingine, maana kosa la unywele likirudiwa mara 20 linakuwa kosa la kidole. Kata mifereji kwa msumeno mwembamba wenye kizuizi cha kina, gonga freti kwa nyundo ya plastiki au kwa kipande cha ubao, kisha zisawazishe zote kwa tupa bapa. Nimeona magitaa ya debe ambayo vijana wamefunga spoku za baiskeli mahali pa freti. Nawavulia kofia, ila chuma hicho kwa gitaa la kudumu hakifai. Freti halisi nunua.

Na pikapu je? Unaweza kuizungusha mwenyewe kwa kutumia gurudumu la cherehani, na ni kazi tamu kwa mwenye moyo. Lakini waya ule unakatika kwa kupumuliwa. Brian May alijitengenezea pikapu zake kwanza, zikalia, ila akiuvuta uzi pembeni zilitoa sauti asiyoipenda. Mwishowe akanunua tatu za kampuni ya Burns. Nami nasema, kama una fedha za kununua kitu kimoja tu, nunua pikapu, yaliyobaki chonga.

Sasa urembo. Kusugua kwa msasa ndiko kunakochosha, nako ndiko kunakoonekana. Anza na namba 80, panda 120, 180, 240, mpaka 320, siku zote ukifuata mkondo wa nyuzi za mbao. Kabla ya msasa wa mwisho pangusa ubao kwa kitambaa chenye maji, vinyweleo vya mbao vitasimama, uviache vikauke ndipo uvikate. Mninga una vitundu, basi vizibe kwa vumbi lake lenyewe lililochanganywa na vanishi.

Kwa wasio na mashine ya kupulizia, ninayoipenda ni vanishi ya spiriti, ile ya magamba ya utomvu wa wadudu wa India, inayopakwa kwa kitambaa kilichofungwa kama kitumba, tabaka jembamba juu ya jembamba, hata 20. Mninga ukipakwa hiyo unang'aa kama asali. Anayetaka rangi aende kwa fundi wa kupulizia magari. Wala si jambo la aibu, Fender mwenyewe katika miaka ya 1950 na 1960 alitumia rangi za magari za kampuni ya DuPont. Ila rangi za selulosi zinashika moto upesi sana, zisipulizwe ndani ya nyumba yenye jiko. Na kwa sisi wa pwani, msipulize wakati wa masika: unyevu unaingia katika rangi inapokauka, ikabaki na ukungu mweupe. Ukishamaliza, tundika kiwiliwili kivulini wiki tatu au nne kabla ya kung'arisha. Wengi hushindwa hapo, wanaweka nyuzi siku ya tatu na alama za vidole zinabaki milele.

Nilisema kuna jambo linaloua. Nalo ni waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi.

Ndani ya gitaa waya ni chache. Kutoka pikapu kwenda kitufe cha sauti, kutoka hapo kwenda tundu la kuchomeka kebo. Lakini kuna waya mmoja mfupi unaotoka kwenye daraja la nyuzi kwenda upande wa ethi wa kitufe. Huo unaziunganisha nyuzi zote na bati la amplifaya, na kupitia amplifaya, na ardhi. Kazi yake ni kuondoa mvumo. Ukigusa nyuzi na mvumo ukapungua, ujue umeungwa sawasawa. Mpaka hapo hakuna hatari, kwa sababu umeme wa pikapu ni mdogo kabisa.

Hatari iko kwenye amplifaya. Tuseme waya wa moto ndani yake umechubuka ukagusa bati. Kama ethi ya ukutani ni nzima, fyuzi inakatika na mambo yamekwisha. Kama ethi haipo, bati zima linakaa na volti 230, na nyuzi zako nazo zinakaa na volti 230, na wewe umezikumbatia kwa mikono yenye jasho. Unaweza usihisi kitu ukiwa umevaa viatu vya mpira. Kisha unasogeza midomo kwenye maikrofoni ambayo ethi yake ni nzima. Hapo wewe ndiye unakuwa waya. Mkondo wa milliampea 30 tu ukipita kifuani ni wa hatari, na taa ndogo ya kusomea hutumia zaidi ya huo.

Haya si maneno ya kutishia watoto. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifia jukwaani Swansea mwaka 1972 baada ya kushika maikrofoni isiyokuwa na ethi nzuri. Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alifia nyumbani kwake mwaka 1976 akipiga gitaa la umeme ambalo ethi yake haikuwa sawa. Nyumbani kwake, wasikilizaji, si jukwaani.

Na sisi je? Nani kati yetu hajaona plagi ya miguu miwili ikichomekwa katika soketi ya matundu matatu kwa kusukuma kalamu au njiti kwenye tundu la juu? Tundu hilo ndilo la ethi. Kwa amplifaya ya gitaa usifanye hivyo hata siku moja. Usikate mguu wa tatu, na usikubali fundi akwambie kwamba kuung'oa kunaondoa mvumo. Ni kweli kunauondoa, na kunakuondolea na kinga. Amplifaya na mashine ya maikrofoni zichomekwe kwenye soketi moja, ili kama kuna kasoro zote ziwe na ethi ileile. Nunua bisibisi ya taa, ile ya kupimia umeme, bei yake ni ndogo. Kabla ya kushika gitaa, washa kila kitu, gusa nyuzi kwa ncha yake, halafu gusa wavu wa maikrofoni. Taa ikiwaka popote, hata kwa kufifia, chomoa plagi ukutani, na usipige mpaka fundi umeme afungue soketi auone waya wa ethi kwa macho yake.

Baada ya hapo ndipo weka nyuzi. Kaza polepole, zote kwa zamu, siyo mmoja mpaka mwisho. Kwenye freti ya 12 uzi uwe juu ya chuma kwa milimita 2 hivi. Kisha linganisha sauti ya uzi ulioguswa tu kwenye freti ya 12 na ile ya uzi uliokanyagwa hapo hapo. Ikiwa uliokanyagwa uko juu, rudisha kipande cha daraja nyuma kidogo. Ukiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivyo kwa kila uzi, kisha liache usiku kucha, na asubuhi lipatanishe upya, kwa maana shingo mpya huwa inajifunza uzito wake usiku wa kwanza.